Re: Wafadhili ndio walioleta vyama vingi Kenya?
Mkuu, umeuliza kama ni wafadhili waliombana Rais Moi mpaka akaruhusu vyama vingi. Nusu tu. Kweli, Novemba 1991 walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya, na Desemba hiyo hiyo kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu cha KANU, kikafutwa. Ukitazama kalenda pekee utadhani pesa ndiyo ilifanya kazi yote. Lakini Saba Saba, mkutano wa kudai vyama vingi, ilikuwa tarehe 7 Julai 1990: Matiba na Rubia, mawaziri wa zamani walioongoza madai hayo, wameshawekwa kizuizini, mkutano umepigwa marufuku, na bado watu wakaenda uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kula virungu na mabomu ya machozi. Hapo hakuna mfadhili aliyekuwepo. Halafu misaada ikarudi 1993, Moi yuko palepale Ikulu baada ya kushinda uchaguzi wa 1992 kwa kura zisizofika asilimia 40. Mimi naona wafadhili walijali zaidi hesabu za uchumi kuliko demokrasia.