Maliza Kitabu Kwanza, Ndipo Uhakiki

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa fasihi alinitumia skrinishoti ya tahakiki niliyoiandika mwaka 2005. "Shikamoo mwalimu. Bado ndivyo unavyoona?" Pale chini, kwa maneno yangu mwenyewe, nilikuwa nimeiita Die Blechtrommel (Ngoma ya Bati), riwaya ya 1959 ya Mjerumani Günter Grass, "makelele ya kurasa 600". Nilimjibu: marahaba, hapana, sioni hivyo tena. Jibu refu ni hili, lake na lenu nyote, maana wengi mnaonisoma mnataka kuwa wahakiki.

Nianze na aibu. Sikuwa nimekimaliza kitabu. Kina sehemu tatu, nami nilikwama katika ya kwanza, siku ya Ijumaa Kuu, pale mfanyakazi wa bandari anapovuta kamba kutoka baharini na kumbe mwishoni pamefungwa kichwa cha farasi kinachochezacheza mikunga. Anaichomoa mmoja mmoja, masikioni, puani, kooni. Mama yake Oskar, mhusika mkuu, anatapika. Mimi mtoto wa pwani, niliyekuzwa kwa samaki, nilikifunga kitabu hapo hapo, na usiku ule ule nikaandika hukumu. Grass alikuwa na Nobeli tangu 1999, nami nilitaka nionekane kijana asiyebabaishwa na tuzo. Nilisifiwa, na sifa zile zilinilevya.

Nilitafuta na mashahidi. Mwishoni mwa 1959 jopo la tuzo ya fasihi ya Bremen lilimchagua Grass, serikali ya jiji ikakataa kumpa. Januari 1960 Marcel Reich-Ranicki akaiponda riwaya hiyo katika gazeti la Die Zeit. Nikasema, basi, wakubwa wako upande wangu. Mshairi wa Kijerumani Hans Magnus Enzensberger, aliyeisifu tangu ilipotoka, nilimruka. Na sikusoma mbele kidogo tu nione kwamba mwaka 1963 Reich-Ranicki huyo huyo alikwenda redioni kujikosoa, akakiri kwamba hakuitendea haki. Miaka mitatu tu! Mhakiki aliyeogopwa kuliko wote Ujerumani hakuona haya kurudi nyuma. Mimi niliona haya kwa miaka mingi zaidi, na sikuwa na jina hata robo ya lake.

Agosti 2006 Grass akatoboa kwamba akiwa na miaka 17 alitumikia Waffen-SS, jeshi la kikosi cha SS cha Wanazi. Ujerumani ikawaka moto. Huko Gdańsk, Poland, mji alikozaliwa ukiitwa Danzig, rais wa zamani wa nchi hiyo Lech Wałęsa alimtaka aurudishe uraia wa heshima, kisha akatulia baada ya Grass kuwaandikia barua watu wa mji. Mimi nikaandika: "Niliwaambia." Niliwaambia nini? Nilikuwa nimezungumzia mikunga tu.

Mwaka uliofuata, kwenye semina, mwenzangu mmoja alisimama mbele ya watu akasema, "Huyu hakufika hata nusu." Ukumbi ukacheka. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli, na bado inauma. Tukikutana twasalimiana, basi.

Nilirudi nikasoma hadi mwisho. Karibu na mwisho wa sehemu ya pili, 1945, wanajeshi wa Kirusi wanashuka kwenye ghala la chini la Alfred Matzerath, baba aliyemlea Oskar, mwenye duka la vyakula. Beji yake ya chama cha Nazi ameitupa sakafuni, na Oskar ameiokota. Oskar anamrudishia mkononi, pini ikiwa wazi. Kwa hofu baba anaitia mdomoni aimeze. Inamkwama, anapapatika, anapigwa risasi. Msomaji wa 1959 huenda aliona hapo wenye maduka waliokimbilia kuficha beji zao. Mimi niliyesoma baada ya 2006 nilimwona mwandishi mwenyewe, mtu aliyekaa na yake kooni mbele ya umma miaka 60. Neno moja la ukurasa ule halikuwa limebadilika. Wapo walioishusha riwaya thamani kwa sababu hiyo, na nawaelewa. Kwangu imekuwa nzito zaidi, kwa kuwa sasa najua aliyeandika habari za kumeza alijua kumeza ni nini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, maliza kitabu. Ukikwama, sema umekwamia wapi. Weka tarehe juu ya kila unachoandika, kwa sababu hukumu yako ni ya siku hiyo na ya umri huo. Baada ya miaka kadhaa kirudie. Wasome na wanaokupinga, hasa hao. Narudia: maliza kitabu. Usiwe na haraka ya kuwa jaji wakati hata ushahidi hujausikiliza. Vijana wengi leo mnahakiki jalada na kurasa kumi, na wanaowapigia makofi hawawatakii mema.

Mwanafunzi ameniuliza kama nitaifuta ile ya zamani. Siifuti. Nimeiwekea tarehe juu, na chini yake nimeandika namba ya ukurasa nilipoishia.