Maswali ya wasomaji: Sifuri juu, sifuri chini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko fomu faivu, PCM. Tulipewa limiti (namba inayokaribiwa) ya (1 − cos x)/(x² + x), x ikienda 0. Nikaweka 0 nikapata 0/0, basi nikatumia kanuni ya L'Hôpital, ile ya kutatua 0/0, nikadifrenshieti (yaani nikatafuta derivativu, kasi ya kubadilika) juu na chini nikapata sin x/(2x + 1), nikadifrenshieti tena ikaja cos x/2, nikaweka 0, jibu nusu. Daftari likarudi na 0 ya peni nyekundu pembeni, nikajua ndo maksi zangu, kumbe mwenzangu ananiambia ile 0 ndo jibu lenyewe! Nimekosea wapi? Na huyu L'Hôpital ni nani, sisi darasani tunaiita kanuni ya hospitali.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole ila nimecheka sana. Derivativu zako zote ziko sawa, shida ni kwamba umepitiliza kituo. Ulipofika sin x/(2x + 1) ungeweka 0 kwanza uone: juu 0, chini 1. Hiyo sio 0/0 tena, hiyo ni 0 tu, unashuka hapo hapo. Wewe ukaendelea na safari.

Kwa nini hairuhusiwi kuendelea? Chukulia bodaboda mbili zinatoka kijiweni pamoja. Muda ule wa kuondoka zote zimetembea mita 0, ndo 0/0 yako, ukigawanya hupati kitu. Lakini ukisubiri kidogo tu, umbali wa huyu kwa umbali wa yule unakaribia kuwa sawa na spidi ya huyu kwa spidi ya yule, na derivativu ndo hiyo spidi. Kama spidi zote mbili ni 0 hapo ndo unashuka ngazi nyingine ukalinganishe wanavyochanganya mwendo, yaani unadifrenshieti mara ya pili. Sasa kwenye swali lako wa chini ameshaondoka na spidi 1, wa juu bado spidi 0, unalinganisha nini tena? Kama huniamini weka x = 0.1 kwenye kalkuleta utapata kama 0.045, weka 0.01 inashuka mpaka kama 0.005, nusu haipo hata kwa mbali. (Kalkuleta iwe kwenye radiani jamani, kila mwaka kuna mtu namkuta kwenye digrii.)

Na wale wanaotumia kanuni ya kugawanya hapa (ile ya kudifrenshieti sehemu nzima kwa pamoja), acheni, juu inadifrenshietiwa kivyake na chini kivyake.

Jamaa mwenyewe alikuwa mkabaila wa Ufaransa, Guillaume de l'Hôpital, zamani jina liliandikwa na s, L'Hospital, kwa hiyo hamjakosea sana. Kanuni iko kwenye kitabu chake cha 1696, ila aliyeigundua ni Johann Bernoulli wa Uswisi, ambaye mwaka 1694 walikubaliana L'Hôpital amlipe livre 300 (pesa ya Ufaransa ya enzi hizo) kwa mwaka ili amfundishe na kumpa ugunduzi wake. Ni kama kuuziwa tyusheni pamoja na notisi na haki ya kuandika jina lako juu. Bernoulli alikuja kuidai kanuni hadharani 1704, mwenzie ameshafariki, na mimi kwa kweli nawaona wote wawili walifanya biashara halali.

SWALI: Mwalimu, limiti ya √(x² + 1)/x, x ikienda infiniti, kila nikitumia kanuni inageuka juu chini kisha inarudi ilivyokuwa, nimejaza kurasa mbili.

JIBU: Masharti yametimia (infiniti juu, infiniti chini, nayo kanuni inaikubali kama 0/0) lakini kanuni inakuzungusha tu, unapata x/√(x² + 1), ukirudia unarudi nyumbani. Ukiona hivyo iache. Gawanya juu na chini kwa x, juu inakuwa √(1 + 1/x²), chini 1, na 1/x² inaisha kabisa x ikiwa kubwa, jibu 1. Mistari miwili.