Mwanao yuko Lanet, mumeo yuko Kangundo

Barua (tumeifupisha):

"Shangazi, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Umoja. Kifungua mimba wangu ana miaka 20 na yuko chuo cha kijeshi Lanet, mwezi wa tano sasa. Tangu aende amepiga simu mara nne tu, na ya mwisho alisema 'sawa mama' akakata. Mtoto amebadilika. Baba yake ni sajini mstaafu lakini hana huruma, kila siku ni 'mwache kijana'. Mwezi uliopita nilipitia tu Lanet na chakula kidogo, wakanirudisha langoni. Kuna afande mmoja tuliyejuana kwenye kikundi cha wazazi, aliahidi kumpangia mwanangu kazi nyepesi nikamtumia 22,000 (si zangu zote, nyingine ni za chama, nitarudisha). Sasa mume wangu ameenda kwao Kangundo, wiki ya tatu hii, na hapokei simu zangu. Hata kwenye fomu kijana ameandika baba yake ndiye wa kujulishwa kukitokea jambo, mimi nimeachwa. Nimekosa nini? – Mama Kadeti."

Mama Kadeti, pole. Nyumba iliyozoea kijana wa kufungua friji saa sita usiku ikinyamaza, hunyamaza kweli. Hiyo ndiyo pole yangu, sasa tuongee.

Hakuna mtu anayepitia tu Lanet. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160 hivi. Unatoka Umoja, unashuka tauni, unatafuta gari la Nakuru, unapita Naivasha, unapita Gilgil, halafu unamkumbusha makanga akushushe kabla ya mjini. Hiyo ni safari ya kupangwa kuanzia jana yake. Na "chakula kidogo" cha safari hiyo nakijua: ni hotpot iliyofungwa leso, ndani chapati, na chini ya chapati kuku wa kienyeji. Unadhani mambo yaliishia langoni? Habari za kambini hutembea kuliko maji. Sina shaka kufikia jioni ile mwanao alikuwa amepewa jina jipya, na jina hilo lina chapati ndani yake.

Kaka yangu alipita hapo hapo Lanet, enzi kikiitwa Chuo cha Mafunzo cha Majeshi. Simu hazikuwapo, tulikuwa tunapokea barua za mistari minne: niko salama, chakula kipo, wasalimieni wote, nipeni habari za ng'ombe. Mama alikuwa akigeuza karatasi nyuma kutafuta mengine. Kaka aliporudi likizo ya kwanza alichinjiwa jogoo. Akala kwa dakika nne, akanyanyuka, akaosha sahani yake na ya baba. Asubuhi mama aliingia chumbani akakuta blanketi limevutwa kama ngozi ya ngoma, pembe zimekunjwa sawasawa, na kijana hayupo. Yuko nje tangu saa kumi na moja kasorobo, amechuchumaa anapiga buti rangi kwenye giza. Mama alikaa juu ya kile kitanda akalia. Alidhani amebadilishiwa mtoto. Miaka mingi baadaye kaka alitueleza zile barua za mistari minne: alikuwa akisinzia kalamu ikiwa mkononi.

Kwa hiyo hilo "sawa mama" linalokukosesha usingizi, mimi nalisikia tofauti. Nasikia kijana aliyeamshwa kabla ya jogoo, akakimbia, akakaguliwa kitanda, kabati na kucha, akacheza gwaride juani, akaingia darasani kusoma ramani huku macho yanamfunga, na sasa nyuma yake kuna foleni ya wenzake wanaongoja kupiga simu na wanasikia kila neno. Ulitaka amwambie nani kwamba amekukumbuka? Ile foleni?

Wala usiniambie ni ukatili wa jeshi letu. Kule Sandhurst, Uingereza, ambako Kenya pia imekuwa ikipeleka baadhi ya makadeti, kozi ni wiki 44, na wiki 5 za mwanzo kadeti amefungiwa kambini. Siku ya kuripoti utawaona watoto wa watu wakubwa wakiingia na meza ya kupigia pasi kwapani, kila mtu na yake. Harry, mjukuu wa Malkia Elizabeth, aliingia hapo mwaka wa 2005. Nyanya yake alikwenda kwenye gwaride la kufuzu, Aprili 2006, akamkagua mstarini pamoja na wenzake. Sijasikia kwamba alibeba hotpot.

Maana yake ni hii, na baba yake angekueleza kama ungempa nafasi. Makuruti wa kawaida huenda Eldoret. Lanet ni kwa wanaoandaliwa kuwa maafisa. Mwanao akifuzu, Rais kama Amiri Jeshi Mkuu atamtunuku, atakuwa luteni wa pili mwenye nyota moja begani, na luteni wa pili hukabidhiwa platuni, watu thelathini hivi. Baadhi yao wana watoto wa rika lake. Usiku mmoja, msitu wa Boni, watamgeukia wamuulize, "Afande, tufanyeje?" Anayejibu swali hilo hawezi kuwa mtoto aliyetafutiwa kazi nyepesi kwa pesa za chama.

Na hapo ndipo nilipokuwa nakuja.

Uliandika hizo 22,000 ndani ya mabano, kana kwamba mabano ni pazia. Huyo mtu kwanza si afande. Nikuulize: picha ya kijana akiwa amevaa kombati uliiweka kwenye stetasi, au nakusingizia? Na kwenye kikundi cha wazazi ulijitambulisha kwa jina, mtaa na jina la mtoto? Basi tapeli hakuhitaji kupiga ramli, wewe mwenyewe ulimsomea. Watu wa aina hiyo huanza mapema, wakati wa usajili, wakiuza barua za kuitwa ambazo ni feki, ilhali kila tangazo la jeshi huonya kwamba kujiunga ni bure. Ukiwapita hapo wanakungoja mbele na "kazi nyepesi".

Na kama ni afande kweli, mambo ni mabaya zaidi. Sheria ya Hongo ya mwaka wa 2016 inamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji: kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya hadi milioni 5, au vyote viwili. Halafu fikiria jina la kijana likitajwa katika kesi hiyo. Alipata B yake, akashindana na maelfu ya wenzake, akapimwa urefu, uzito na meno, akapita kwa miguu yake mwenyewe. Wewe ndiye unayetaka kumtoa. Usifute ujumbe hata mmoja, usimtumie huyo mtu hata shilingi ya kutoa, na ile namba yake itume kwa 333 ya Safaricom uripoti utapeli. Polisi nenda, lakini nenda na mumeo.

Ambaye hayupo. Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nahesabu vile vile: pesa zilitoka mwezi uliopita, mzee ameondoka wiki ya tatu. Umeyaandika kwa sentensi mbili nikadhani ni mambo mawili. Mama, ni moja. Mtu aliyekula kiapo, akavaa sare, akastaafu bila doa, anasikia mkewe amehonga jeshi lile lile kwa ajili ya mtoto wake. Na wewe unasema hana huruma! Mimi ningefika mbali kuliko Kangundo.

Kuna jambo jingine ambalo hukulifikiria, na nadhani ndilo linalomkaa rohoni. Sajini ndiye humpokea luteni mpya. Luteni anatoka chuoni na nyota yake inang'aa, hajui platuni inanuka vipi ikinyeshewa siku nne, na ni sajini anayesimama kando yake na kumwambia taratibu, "Afande, labda tungepitia huku." Mumeo amewaona wengi. Anawajua waliokuja wameiva na waliokuja mabegi yao yakibebwa na mama zao, na anajua askari huwasema vipi hawa wa pili wakigeuza mgongo. Halafu sajini humpigia saluti luteni, hata kama luteni ni wa juzi. Mzee alianzia chini, mwanawe anapanda ngazi ambayo yeye hakuipanda. Kimya chake usikiite baridi. Ana kiburi na ana hofu, vyote kwa pamoja, na hana mtu wa kumwambia kwa sababu nyumbani wewe umeshika zamu yote ya kulia.

Ile fomu nayo isikuumize. Kijana ameandika jina la baba kwa sababu simu ikipigwa saa nane usiku, baba atasikiliza hadi mwisho. Wewe ungepiga nduru sentensi ya kwanza. Anakujua.

Nitasema na la ndoa, wenye haraka waniruke. Siku hizi naletewa barua nyingi za akina mama wenye waume wawili, mmoja wa cheti na mmoja wa kuzaa. Yule wa kuzaa ndiye anayewekewa paja la kuku, ndiye anayeulizwa rangi ya pazia, ndiye picha ya simu. Yule wa cheti anaulizwa kodi. Mtoto akiondoka, nyumba inabaki na watu wawili wasiojuana, na mama badala ya kujuana na mzee wake anapanda gari kumfuata mtoto. Na waume mnaosoma hapa msicheke, nyinyi nanyi mliacha kiti wazi kwa vile kilabu ilikuwa na viti vizuri zaidi. Ila mzee huyu wa Umoja, kwa yale niliyosoma, hakukiacha. Alisukumwa.

Kwa hiyo Lanet hurudi mpaka ualikwe gwaride la kufuzu. Hilo limekwisha. Picha ya kombati itoe leo hii. Waambie wanawake wa chama ukweli kabla mweka hazina hajaugundua mwenyewe, na uwape tarehe ya kurudisha. Kijana akipiga simu, mwambie nyumbani ni wazima, mdogo wake amefaulu mtihani, paka amezaa. Muage wewe kwanza, umwachie mwenzake dakika iliyobaki.

Na Jumamosi upande gari la Barabara ya Kangundo, ushuke Tala ununue nyama, uipike huko huko kwa mama mkwe. Hotpot ibebe ukitaka. Mzee akikufungulia mlango, usianze na habari za kijana. Anza na zile 22,000, na umtajie ni ngapi za chama.