Usiyaruke Malalamiko: Jinsi ya Kusoma Zaburi Moyo Unapoelemewa

Mtu aliyefiwa, au aliyepewa majibu mazito hospitalini, huambiwa na ndugu zake, "Soma Zaburi." Ni ushauri mwema, ila haumwambii aanzie wapi. Zaburi ziko 150. Akifungua popote anaweza kuangukia ya 109 yenye laana mfululizo, au ya 119 yenye mistari 176, akafunga Biblia akiwa mnyonge kuliko alivyoifungua.

Anza na Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, na njia nzima ya kutoka kwenye kilio hadi kwenye sifa imo ndani yake. Mistari miwili ya kwanza ni malalamiko: Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Mistari ya 3 na ya 4 ni ombi, tena ombi mahususi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Kisha katika mstari wa 5 linakuja neno "Nami", na zaburi inageuka: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Mstari wa 6 ni wimbo.

Tazama kwamba hatuambiwi adui ameondoka. Kilichobadilika ni mahali macho ya mwombaji yanapotazama. Ndiyo maana anayeruka mistari minne ya kwanza na kukimbilia wimbo wa mwisho huona maneno hayamgusi. Anajaribu kuimba sifa ambazo moyo wake haujazifikia. Katika makundi ya WhatsApp ya familia tunatumiana mstari mmoja wa ushindi, nao mzigo wa aliyelemewa unabaki palepale.

Wapo wanaoogopa kwamba kumuuliza Mungu "mbona umenisahau" ni kukosa imani. Hofu hiyo inaeleweka, lakini Zaburi zenyewe zinaijibu. Maombolezo ni mengi humo kuliko aina nyingine yoyote ya zaburi, na Yesu msalabani alilia kwa maneno ya kwanza ya Zaburi ya 22. Aombolezaye bado anasema "Ee BWANA". Hajampa Mungu kisogo.

Kwa utaratibu, tenga dakika kumi na tano na simu iwe mbali. Soma Zaburi ya 13 kwa sauti, hata kama ni sauti ya chini. Mashairi haya huenda kwa vipande viwili viwili, na kipande cha pili hulirudia au kulikoleza wazo la kwanza, kwa hiyo pumua katikati na usiyakimbize. Isome mara ya pili ukisimama kwenye kila "hata lini", utaje jambo lako kwa jina lake: deni la ada, mtoto asiyerudi nyumbani, maumivu yasiyopoa. Mara ya tatu, andika kwenye daftari zaburi yako fupi kwa mpangilio uleule: malalamiko mistari miwili, ombi mistari miwili, tumaini mistari miwili. Ukishindwa kuandika ile miwili ya mwisho, iache wazi na urudi kesho. Usijilazimishe.

Zaburi ya 88 inakupa ruhusa hiyo. Haina mgeuko kabisa, inaishia gizani. Wahubiri wengine huiongezea mwisho wa furaha, na hapo humwonea msikilizaji ambaye yumo gizani bado. Nguvu yake iko kwingine: mwombaji huyo anamlilia Mungu katika mstari wa 1, tena katika wa 9, tena katika wa 13. Haoni nuru, na bado anaomba. Hata hivyo, mtu akipoteza usingizi na hamu ya kula kwa muda mrefu, au akianza kusema hataki kuishi, mpelekeni kwa daktari pia, tena upesi. Sala na tiba havigombani.

Sifa nazo zina njia yake. "Asante kwa yote" hupita mdomoni bila kugusa kitu. Zaburi ya 103 inaisemesha nafsi isizisahau fadhili, halafu inazitaja: katika mstari wa 3 hadi wa 5 Mungu anasamehe, anaponya, anaukomboa uhai, anatia taji, anashibisha. Chukua vitenzi hivyo vitano, na mbele ya kila kimoja andika tukio lako halisi. Kimoja kikikosa tukio, kiache kiwe ombi. Nyumbani, Zaburi ya 136 ndiyo inayofaa kuliko zote, kwa sababu kiitikio chake, "Kwa maana fadhili zake ni za milele", kinarudi mara 26 na hata mtoto asiyejua kusoma anakishika. Mmoja asome nusu ya kwanza ya mstari, wengine waitikie. Baada ya mstari wa 25, unaomshukuru Mungu kwa chakula, kila mtu aongeze mstari wake mmoja na wote waitikie, kisha mmalize kwa wa 26.

Jihadharini na zile orodha za "zaburi ya kupata kazi" au "zaburi ya kumrudishia mchawi", isomwe mara saba usiku wa manane. Huko ni kuigeuza sala kuwa hirizi. Kutamka tu maneno ya zaburi si kinga: ikumbukwe kwamba Zaburi ya 91 ndiyo Shetani aliyoinukuu alipomjaribu Yesu (Mathayo 4:6). Na zaburi za kisasi, kama ya 109, zinamkabidhi Mungu hasira ili mkono wako usiishughulikie. Si silaha ya kumwelekezea shangazi.

Anayetaka kuzimaliza zote kwa mwezi, asome tano kwa siku: achukue tarehe ya leo, kisha aongeze 30 kila mara. Tarehe 7 ni ya 7, 37, 67, 97 na 127. Tarehe 28 inaileta ile ya 88, na siku hiyohiyo inaileta ya 148 inayoita jua, theluji na wanyama wa kufugwa kusifu. Tarehe 29 ndiyo inayowakwamisha wengi, maana inaangukia ya 119. Imegawanyika katika sehemu 22 za mistari minane. Soma sehemu moja, na nyingine ziweke kwa ajili ya tarehe 31, ambayo haina zaburi zake. Lakini aliye katika msiba asibebe ratiba hiyo. Zaburi moja kwa juma zima inamtosha, na kama hawezi kusoma, aketi naye mtu wa kumsomea polepole, bila kuongeza mahubiri.