Ukipangiwa Hamamatsu usinune

Kosa langu la kwanza Hamamatsu, huku Japani, nililifanya kabla hata sijafika Hamamatsu. Nilikuwa natoka Tokyo na mabegi mawili makubwa, nikakuta shinkansen, treni ya mwendo kasi, imesimama imeandikwa Nozomi, nikapanda, maana treni ni treni bwana. Saa moja na ushee baadaye naona dirishani jengo refu lenye umbo la kinanda cha mdomo, nikajua ndio penyewe kwa sababu nilishaliona kwenye picha, nikaanza kushusha mabegi, treni ikaipita stesheni kama vile haipo. Nozomi haisimami Hamamatsu, ikiondoka Shin-Yokohama ni mpaka Nagoya. Nimeshuka Nagoya roho juu, najisemea leo nalipa nauli mara mbili, yule mfanyakazi wa stesheni akaiangalia tiketi, akagonga muhuri, akanionyesha treni ya kurudi, hakudai hata yen moja. Kwa hiyo somo namba moja: panda Kodama, hiyo inasimama kila stesheni, au Hikari, ila Hikari nazo si zote zinasimama, soma ubao kwanza.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka kuna mtu ananitafuta inbox kapata skolashipu au kazi, kapangiwa Hamamatsu, na sauti yake ni ya mtu aliyenyimwa. Alitaka Tokyo. Mimi pia nilitaka Tokyo, washkaji wakaniuliza "Hamamatsu ndio wapi?" na mimi mwenyewe sina jibu. Iko mkoa wa Shizuoka, katikati ya Tokyo na Osaka, ina watu kama 780,000 hivi, kwa Japani huo ni mji wa kati tu. Eneo lake ndio la ajabu, kilomita za mraba 1,558, kwa sababu mwaka 2005 waliunganisha miji na vijiji 12 wakauita mji mmoja, kwa hiyo sehemu kubwa ni milima na misitu. Hapa ushauri ni wa bure: ukiambiwa nyumba ipo Hamamatsu uliza Hamamatsu ipi. Tangu Januari 2024 kuna wilaya tatu, Chuo, Hamana na Tenryu. Tenryu ni pazuri sana kwa kupiga picha ila kama shughuli zako ziko mjini utalia.

Sasa, nilivyompigia mjomba wangu, mvuvi wa Bagamoyo, nikamwambia niko mji wa viwanda, akauliza viwanda gani, nikamtajia Yamaha, mzee alinyamaza kidogo halafu akasema, "Yaani mjomba uko kwa Yamaha mwenyewe?" Maana maisha yake yote mashine ya boti anayoiamini ni hiyo tu. Nikamrekebisha kidogo, Yamaha ya mashine makao yake makuu yako Iwata, mji wa jirani ukishavuka mto Tenryu, walianza kutengeneza mashine za boti mwaka 1960. Yamaha ya vinanda ndio iko Hamamatsu yenyewe. Hakujali tofauti hiyo, kwake yote ni kwa Yamaha.

Na kirikuu je? Ile Suzuki Carry inayobeba tofali, maji na vitanda vya watu wanaohama Bongo nzima, kwao ni Hamamatsu. Siku moja asubuhi naenda chuo naona mzee wa Kijapani, kofia ya majani, kapakia makreti ya machenza ya Mikkabi kwenye kirikuu kamba imekazwa vilevile kama ya Mbagala, nikasimama nikacheka peke yangu barabarani. Mikkabi ni upande wa ziwa Hamana, machenza yake yana jina Japani nzima.

Ukitaka kuuelewa mji huu lazima ujue kwamba hakuna aliyeuletea viwanda kutoka nje, ni mafundi tu waliohangaika. Mwaka 1887 shule moja ya msingi ilikuwa na kinanda kimeharibika, wakaitwa fundi, Torakusu Yamaha, fundi wa vifaa vya hospitali, akakifungua akakitengeneza, halafu akasema hiki naweza kukiunda mwenyewe. Michio Suzuki alianza 1909 na mashine za kufumia vitambaa, magari yalikuja baadaye kabisa, miaka ya 50. Soichiro Honda ni mzaliwa wa huko Tenryu, mwaka 1946 vita imeisha watu hawana usafiri, akachukua vijiinjini vya jenereta za jeshi vilivyobaki akavifunga kwenye baiskeli. Hapo ndipo bodaboda inapoanzia ukitaka kuipeleka mbali hadithi. Wenyewe wana neno la kilugha chao, yaramaika, yaani kama kusema "haya tujaribu bwana", ingawa kiukweli nimelisikia zaidi kwenye mabango kuliko mdomoni mwa watu.

Ila usitegemee kuviona hivi vyote ukitembea mtaani. Mji wa viwanda unafanya kazi nyuma ya ukuta. Ukishuka stesheni utaona maduka, hoteli, lile jengo refu linaitwa Act Tower, mita 212, basi. Inabidi uombe kuingia. Makumbusho ya Suzuki ni bure ila unaweka nafasi kabla, iko karibu na stesheni ya Takatsuka, kituo kimoja tu kwa treni ya kawaida. Makumbusho ya ala za muziki iko hapohapo karibu na stesheni kuu, hiyo unalipa, na usiiruke hata kama hujui kupiga hata filimbi. Ina ala za dunia nzima, Afrika imo, unavaa hedifoni unasikia kila moja inavyolia. Mimi nilienda nikiwa nimekumbuka nyumbani vibaya na nilikaa upande wa ngoma muda mrefu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama.

Lugha. Kiingereza hakitakufikisha mbali, nasema ukweli. Cha kushangaza Kireno ndio kingekusaidia. Sheria ya uhamiaji ilivyobadilika 1990, Wabrazili wenye asili ya Kijapani walikuja kwa maelfu kufanya kazi viwandani, na Hamamatsu ndio ilikuwa inaongoza kwa Wabrazili Japani nzima, mpaka ubalozi mdogo wa Brazili upo. Faida yako wewe ni chakula. Wiki ya tatu nimechoka na tambi, nikaingia duka la Wabrazili, nikafungua friji nikakuta mihogo, imemenywa, imekatwa, imegandishwa kwenye mfuko. Na maharage ya kila rangi. Nilinunua mifuko minne, nazi ya kopo nikapata supamaketi, usiku ule geto lilinuka Tanga.

Kijapani anza kabla hujaondoka, angalau uzisome herufi za katakana. Ukifika nenda HICE, taasisi ya mji ya mambo ya kimataifa, wana madarasa na wanakusaidia hata kuelewa barua zinazoingia kwenye boksi lako, usizitupe zile barua, nyingine ni za bima.

Chakula chenyewe cha pale: gyoza, kama visambusa vidogo vya unga mwembamba, zinapangwa duara na katikati wanaweka chipukizi za maharage zilizochemshwa. Ndani ni nyama ya nguruwe, Waislamu wenzangu mjue. Samaki mkunga wa ziwa Hamana ni mtamu kupita maelezo ila mchuzi wake kwa kawaida una pombe ya kupikia kwa hiyo pale ni wewe na dini yako, na sahani moja ni zaidi ya yen 3,000, kwa hiyo pia ni wewe na mfuko wako. Msikiti upo.

Usafiri sasa. Basi unapanda mlango wa katikati, unachukua kikaratasi chenye namba, unalipa ukishuka kwa kuangalia namba yako kwenye ubao wa mbele. Mimi siku ya kwanza sikuchukua, nikalipishwa kuanzia mwanzo wa safari, sawa tu. Baada ya mabasi kupungua usiku utajua kwa nini kila mtu pale ana gari. Nunua baiskeli, iandikishe kwa jina lako maana polisi wanasimamisha kuangalia, weka taa, simu mkononi usishike. Na kuna upepo. Hakuna aliyeniambia kuhusu upepo. Theluji karibu hakuna, ukisoma hivyo unafurahi, halafu Desemba upepo mkavu unaanza kutoka magharibi, wanauita karakkaze, nilikuwa nakanyaga baiskeli kwa nguvu zote na bibi mmoja anayetembea kwa miguu akanipita. Wenyewe upepo wameufanyia kazi, tarehe 3 hadi 5 Mei kila mtaa unarusha tiara lake kubwa karibu na michanga ya Nakatajima, wanaume kumi wanavuta kamba moja wanapuliza tarumbeta. Ukikaribishwa na mtaa wako nenda, vaa glavu. Ile kamba inakata mikono.

Mjomba bado ananiuliza kama kule kiwandani wanauza propela kwa bei ya jumla. Nimemweleza mara tatu kwamba hawauzi getini. Juzi kanitumia picha ya propela yake imepinda, chini kaandika, "waulize tena".