Somo nisaidie, mfuko umejaa nyuzi na mitihani iko mlangoni

Barua ya leo ya binti wa Wete, yuko chuo mwaka wa pili pale Tunguu, anakaa kwa mamake mdogo Mwanakwerekwe. Anasema hivi: “Somo, nina vitu vinne kwenye mfuko na hakuna hata kimoja kilokwisha. Seti ya mtoto wa dada angu, arobaini ishapita. Vitambaa vya makochi vya wifi angu, elfu ishirini yake nshaila kwa fotokopi. Kofia ya viua ya baba. Na sweta langu mwenyewe nimelifumua mara tatu mpaka uzi umeota manyoya. Mitihani wiki tatu. Nikishika daftari naona uzi, nikishika uzi naona daftari. Niache kufuma?”

Wee mwanangu usiache, ukiacha masaa hayo hayo utayamaliza kwenye simu, unamdanganya nani? Lakini vitu vinne kwa mpigo, hapo umejitia kitanzi mwenyewe, na sisemi cha sindano.

Tuanze na hilo sweta maana ndo linalokunyima usingizi. (Sweta Unguja hii la nini sijui, labda lile darasa lenye kiyoyozi.) Kufuma kwa sindano mbili kuna siri yake, mkono wenye hasira unakaza. Ukitoka kwenye testi umenuna vitanzi vinakuwa vidogo, siku umeshiba na umecheka vinalegea, basi kipande cha Jumatatu na cha Ijumaa havikutani kwenye mshono halafu wewe unailaumu sindano. Sasa fanya hivi, kila ukipata mistari kama kumi iliyo sawa, chukua sindano ya kushonea, tia uzi mwembamba wa rangi nyengine, upitishe ndani ya vitanzi vyote vikiwa bado juu ya sindano ya kufumia, uuache humo humo uendelee na kazi. Ukikosea huko mbele chomoa sindano vuta bila huruma, itafumuka mpaka kwenye ule uzi na itasimama hapo, vitanzi vyote vimekaa foleni vinakungoja.

Ila si sasa! Sasa litie kwenye foronya, andika karatasi umefika mstari wa ngapi na sindano namba ngapi, bana na pini, juu ya kabati. Usipoandika ukirudi utahisabu kama unahisabu nyota. Na kofia ifuate huko huko, viua, vile vitundu vinavyoshonwa kwa mkono, vinataka mwanga wa asubuhi na macho mazima, kofia moja mtu anakaa nayo miezi, si kitu cha saa sita ya usiku. Baba atavaa ya zamani.

Seti ya mtoto ndo haingoji. Mie yalinikuta, nlianza soksi za mtoto wa jirani, siku nlopeleka yule mtoto ndo alonifungulia mlango. Kwa hiyo mwambie dada akupimie mguu tena kabla hujaongeza hata mstari, halafu ibebe kwenye daladala, soksi ni mzunguko tu haina akili nyingi, ukipata siti huku unasikiliza lekcha ulorekodi, kisigino tu ndo ukifume nyumbani.

Kwa wifi hapo nakugombeza. Pesa ya mtu ishaliwa na kazi hata nusu haijafika, na wewe kimya. Mwambie ukweli, vitambaa ni baada ya mitihani, kama hawezi kungoja utamrudishia elfu ishirini yake kidogo kidogo. Usipomwambia wewe atamwambia kaka ako, kaka ako atamwambia mama, na habari Wete inafika kabla ya boti. Mpigie leo leo baada ya Isha.

Na ile picha ya mkoba wa uzi ulonitumia chini ya barua ukauliza eti ni mgumu kuufuma, sijaiona.