Kabla ya kubishana kama ukweli hujengwa na watu

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa uhalisia hasa: dunia iko jinsi ilivyo, akili ya mtu haiiongezei wala haiipunguzii kitu. Mwalimu mwenzangu, tuliyekaa meza moja ofisini, alishikilia ukonstraktivizimu: mengi tunayoyaita ukweli yamejengwa na watu, kwa lugha na mapatano. Tulibishana mpaka kengele inalia.

Silaha yake ilikuwa Pluto. Tangu ilipogunduliwa 1930, tulifundisha sayari tisa. Agosti 2006 wanafalaki walikutana Prague wakapiga kura, zikabaki nane. "Umeona, mwalimu? Ukweli umepigiwa kura!" Nikamjibu kwamba kilichopigiwa kura ni maana ya neno sayari. Pluto yenyewe iliendelea kulizunguka jua, mzunguko mmoja kwa miaka 248 hivi, na chombo cha anga cha New Horizons kilipoipita karibu Julai 2015 kiliikuta palepale hesabu ziliposema itakuwepo. Hadi leo naamini jibu lile lilikuwa sahihi. Nilikosea kudhani limemaliza mjadala.

Kwa hiyo, ukijikuta kwenye ubishi huu, usikimbilie kuchagua upande. Uliza kwanza: hicho kinachopewa jina, kinalisikia jina lake? Pluto haisikii. Bamvua haisikii, wavuvi waiite watakavyo, maji yatajaa tu mwezi ukiandama na ukipevuka.

Binadamu anasikia. Ian Hacking, mwanafalsafa wa Kanada, ndiye aliyenifumbua macho: ukiwapanga watu katika makundi, wao huitikia kule kupangwa, wakabadilika, na kundi lenyewe likabadilika nao. Niliposoma hayo nilimkumbuka mtoto wa darasa la tano ambaye kwenye ripoti yake niliandika "mzito wa kuelewa". Niliamini naandika nilichokiona. Muhula uliofuata hakunyoosha tena mkono, akahamia dawati la nyuma, alama za hisabati zikaporomoka. Nami nikazichukua alama zile kuwa ushahidi kwamba nilisema kweli, kumbe neno langu lilikuwa limeshaingia ndani yake. Inaniuma bado.

Siku hizi, kalamu ikiwa juu ya ripoti, naandika kile ambacho mzazi anaweza kufungua daftari akakikagua: "Anajumlisha sehemu vizuri. Kugawanya bado anasahau kugeuza ile ya pili."